Machozi ya hadhira na kiambishi "-nge-"

Swali: Naongoza kikundi cha sanaa za jukwaani mkoani Morogoro. Tuna mchezo wa saa moja. Baba anadaiwa laki tisa za mkopo wa kausha damu, anamwozesha binti yake wa kidato cha pili kwa mahari ya milioni moja na laki mbili ili alipe deni. Mara ya kwanza watu walilia, akina mama wakaja mbele kumtuza binti elfu mbili mbili, wakapiga makofi, wakaondoka. Kwenye majadiliano kila aliyesimama alisema "inasikitisha sana". Mtu mmoja aliyesomea sanaa akatushauri tumfuate Brecht, yule mwandishi na mwongozaji wa michezo wa Kijerumani: tukaweka mabango, tukawaambia waigizaji wasihisi chochote, tukakata kilio chote. Mara ya pili watu walianza kuondoka hata nusu hatujafika. Sasa tuwalize au tuwafikirishe?

Jibu: Ndugu, tuanze na zile noti za elfu mbili mbili, maana zinasema mengi kuliko machozi.

Mama anayeinuka katikati ya kilio, akafungua pindo la kanga na kwenda kumtuza binti, hajapotelea ndani ya mchezo. Anajua vizuri kwamba aliye mbele yake ni mwigizaji, na anamlipa kwa ufundi wake. Analia huku anapima. Ndivyo alivyo pia anayepiga vigelegele, anayemjibu mhusika kwa sauti, na mtoto anayeitikia "Hadithi njoo!" kabla fanani hajaanza. Hadhira ya namna hiyo haina ukuta kati yake na jukwaa.

Bertolt Brecht (1898–1956) alipambana na hadhira ya aina nyingine. Katika majumba ya michezo ya Ujerumani ya wakati wake watazamaji walikaa gizani, kimya, wakilitazama jukwaa lenye mwanga kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani dirishani. Vifaa vyake maarufu, yaani maandishi yanayotangulia onyesho, taa zisizofichwa, pazia fupi lisilofika juu, nyimbo zinazokatiza kitendo, vilikuwa vya kuvunja giza hilo. Ninyi mlivipeleka mahali pasipo na giza. Mkakosa cha kuvunja, mkavunja hamu ya watu ya kujua mambo ya familia ile yataishia wapi.

Umbali kati ya mtazamaji na mchezo ni wa namna mbili, na wengi huuchanganya. Wa kwanza ni kujua kwamba huu ni mchezo. Huo hadhira yenu inao tele. Wa pili ni kuuliza: kwa nini imekuwa hivi na haikuwa vingine? Huo ndio ulioukosa, na mabango pekee hayauleti. Kiswahili kimetupa kipimo chake bure. Msikilize watu kwenye majadiliano na mhesabu "-nge-". "Maskini mtoto wa watu" haina. "Baba angekwenda kwa mtendaji kabla ya kwenda kwa yule mkopeshaji" inayo. Mpeni mtu mmoja daftari, aandike kila sentensi yenye "-nge-" au "-ngali-". Mkipata nyingi, umbali wa pili umepatikana, hata kama nusu ya wasemaji wana macho mekundu.

Tulimalize na suala la jina la umbali huu wa pili. Neno la Brecht ni Verfremdung: kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni, ili mtu akitazame upya. Wapo wanaolitafsiri "ukengeushi", neno ambalo katika uhakiki wa fasihi shuleni limeshachukua maana ya mhusika aliyetengana na jamii yake, kwa hiyo huchanganya. Na ushauri mliopewa, kwamba waigizaji wasihisi, hautoki kwake. Mwaka 1930, katika maelezo yake kuhusu opera ya Mahagonny, alichora jedwali la safu mbili, hisia upande mmoja na akili upande wa pili. Jedwali hilo hunakiliwa sana madarasani. Tanbihi yake husahauliwa: inasema kwamba safu hizo hazipingani kabisa, zinaonyesha tu mkazo umehamia wapi.

Sasa tazama mchezo wenu unammulika nani. Kwa maelezo yako huruma yote inamwelekea binti, na binti ndiye mtu pekee katika hadithi hiyo asiye na la kuamua. Mtazamaji anayemlilia mtu asiye na njia hana swali la kuuliza. Anabaki na "maskini" yake, anamtuza, anakwenda zake. Wenye njia ni wengine: baba, mshenga, shangazi, mwalimu anayeona kiti kitupu darasani, mkopeshaji mwenyewe. Hao, bila shaka, mchezo umewapitia haraka ili ufike kwenye kilio. Mkirekebisha hilo tu na kuyaacha mengine yote, mtakuwa mmefanya zaidi ya nusu ya kazi.

Brecht aliliangukia shimo hilohilo. Mchezo wake Mutter Courage, kuhusu mama mchuuzi anayezunguka na mkokoteni wake nyuma ya majeshi katika Vita vya Miaka Thelathini, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza Zürich tarehe 19 Aprili 1941, Therese Giehse akiwa mama huyo, mwandishi mwenyewe akiwa uhamishoni Finland. Wahakiki waliguswa. Waliona mama mwenye uchungu usiokwisha, wakamfananisha na Niobe wa hadithi za Kigiriki aliyeuliwa watoto wake wote. Brecht hakufurahi: alikuwa ameandika habari za mtu anayeishi kwa faida ya vita, na vita inamdai watoto wake mmoja baada ya mwingine.

Alichofanya baadaye ndicho cha kuiga. Hakuondoa uchungu; aliandika upya baadhi ya maonyesho, yaani sehemu za mchezo, ili hasara iangukie palepale penye biashara. Katika onyesho la kwanza mwana mkubwa anachukuliwa jeshini wakati mama amegeuka kuuza bizimu ya mkanda. Katika la tano, ambako awali alitoa mashati kwa hiari yafungie majeruhi vidonda, sasa anakataa na yanachukuliwa kwa nguvu. Machozi yakabaki, lakini sasa yana anwani.

Helene Weigel alipoigiza nafasi hiyo Deutsches Theater, Berlin, tarehe 11 Januari 1949, onyesho la tatu lilikwenda hivi. Mwana wa pili amekamatwa, atapigwa risasi. Zinatakiwa gulden 200 kumwokoa, na mama anaweza kuzipata kwa kuweka mkokoteni rehani. Anatuma ofa ya 120, abakiwe na 80 za kuanzia biashara upya. Wanakataa. Anapokubali kutoa zote, muda umekwisha. Anasema anahisi amepatana bei kwa muda mrefu mno. Risasi zinalia. Weigel akakiinua kichwa nyuma, akafungua kinywa chote, na sauti haikutoka. Kilio hicho kisicho na sauti kimebaki katika historia ya jukwaa. Hesabu ya 200, 120 na 80 ilikuwa tayari kichwani mwa mtazamaji kilipofika, kwa hiyo mtu alilia akijua analilia nini. Na mwishoni kabisa, akiwalipa wakulima wamzike binti yake, mtoto wake wa mwisho, Weigel alitoa sarafu kwenye mkoba, akafikiri, akairudisha moja. Ni kitendo cha sekunde mbili.

Hata hivyo watu walilia Berlin pia, na mwandishi Friedrich Wolf akamhoji Brecht mwaka huohuo: si ingefaa mama huyu mwishoni atambue kosa lake? Brecht akajibu kwamba mama akikosa kujifunza, mtazamaji anaweza kujifunza kwa kumtazama. Na onyesho la kumi na moja, ambapo binti bubu wa mama huyo anapanda paani na kupiga ngoma kuuamsha mji wa Halle usishambuliwe usingizini, aliliacha makusudi liwe la kuzama: mtazamaji aruhusiwe kujiona ndani ya binti huyo. Huyo binti ameamua jambo. Hapo kuzama hakuzuii swali.

Sasa kazi yenu. Chukueni andiko na penseli, mpige alama kila mahali ambapo mtu angeweza kufanya jingine. Mtapata nyingi, chagueni tatu, tuziite mafundo. Mkiweka kumi, hadhira inachoka kukatizwa, na hilo ndilo lililowakuta mara ya pili. Kwa mchezo kama wenu ningejaribu hizi: mshenga anapoweka fedha mezani, mwalimu anapobisha hodi kuulizia na kuambiwa binti anaumwa, shangazi anapopokea doti yake ya kanga. Maonyesho mengine yote yaacheni yatiririke, na binti apendwe. Onyesho la kwanza, binti akiwa na madaftari yake, lisiguswe na tangazo lolote. Asiyempenda binti hatajali baba anaamua nini.

Kwenye kila fundo, mwigizaji aonyeshe njia aliyoiacha pamoja na aliyoichukua. Baba anyooshe mkono kwenye simu, avute jina la mtu, asimame sekunde mbili, airudishe simu mfukoni, ndipo achukue fedha. Mwalimu ashike fremu ya mlango, atazame ndani juu ya bega la baba, auone mguu wa binti nyuma ya pazia, kisha aseme "basi akipona aje". Bila ile sekunde ya kuacha, mtazamaji huona maisha yanayojiendea kama mvua. Ikizidi sekunde tatu, nne, inakuwa ishara ya kufundishia na watu hucheka.

Waigizaji hawafiki hapo kwa kuambiwa wasihisi. Mwigizaji akizuiwa kuhisi, sauti hukauka, shingo hukakamaa, na anachokiona mtazamaji ni mtu anayesoma risala. Diderot, mwanafalsafa wa Kifaransa, alishalieleza jambo hili katika karne ya 18: hisia za mwigizaji na hisia za mtazamaji ni akaunti mbili tofauti, na kupunguza moja hakubadilishi nyingine kama mtu anavyotarajia. Brecht alipendekeza vitu vitatu vya mazoezini: kusema maneno yako kwa nafsi ya tatu, kuyapeleka kwenye wakati uliopita, na kusoma kwa sauti maelekezo ya jukwaa. Kwa hiyo, tukimwita binti Neema, badala ya "Sina namna, mama Neema", baba anasema mazoezini: "Baba akaitazama ile bahasha, akamwambia mkewe kwamba hana namna, huku tayari ameifungua." Ghafla mwigizaji anagundua kwamba mkono ulifungua bahasha kabla kinywa hakijasema. Katika mazoezi ya lile onyesho la ngoma Brecht aliwaongezea wakulima "alisema mwanamume", "alisema mwanamke", ili wasiingie kwenye mayowe. Fanyeni hivyo mazoezi mawili au matatu, kwa mafundo yale tu. Kisha yaondoeni maneno ya ziada, mbakize kile ambacho mwili umejifunza. Kosa la kawaida ni kuipeleka nafsi ya tatu jukwaani kama pambo.

Mabango sasa. Nadhani yenu yaliandikwa somo, kwa mfano "Ndoa za utotoni zinaua ndoto". Hilo mtazamaji analijua, ameshalisikia redioni. Tangazo la kabla ya onyesho litaje tukio na matokeo yake, basi: "Mshenga analeta milioni moja na laki mbili. Kabla ya magharibi Neema atakuwa mke wa mtu." Likitajwa litakalotokea, watu huacha kuuliza "itakuwaje?" na kuanza kuuliza "imefikaje hapo?" Ebrahim Hussein alipoandika tamthilia ya Kinjeketile (1969), kuhusu Vita vya Majimaji, hakuhitaji bango kwa hilo, maana Mtanzania anaingia akijua kwamba maji hayakuzuia risasi, macho yake yanabaki kwenye neno: lilitokaje kinywani mwa mtu, na kwa nini mwenyewe hawezi tena kulirudisha. Ninyi hadithi yenu haimo kwenye historia, kwa hiyo lazima mtangaze. Msiandike, kwa kuwa wa nyuma hawataona na wengine hawatasoma. Mpeni mpiga ngoma aseme, pigo moja kabla, sentensi mbili, pigo moja baada.

Na zile laki tatu! Deni ni laki tisa, mahari ni milioni moja na laki mbili. Umeitaja hesabu hiyo bila kuieleza, na huenda hata andiko lenu halielezi laki tatu zinazobaki zinakwenda wapi. Hapo ndipo pana utajiri wa mchezo huu. Wakaushieni watu machozi pale. Baba ahesabu mezani mafungu kumi na mawili ya noti kumi za elfu kumi kumi, kwa sauti, akitenga tisa upande wa deni. Yanabaki matatu. Ayatazame. Wakati huohuo binti apite nyuma na ndoo ya maji, bila neno na bila muziki. Zoezi zima lisizidi dakika moja na nusu. Mtazamaji aliyekuwa anasema "alilazimika" ataanza kujigeuzageuza kwenye kiti chake, maana mtu aliyelazimika angeishia kwenye fungu la tisa. Msimweleze, asiambiwe chochote.

Muziki wa kinanda wa huzuni chini ya kilio, kama mnao, ukateni. Unamwambia mtu ahisi nini kabla hajaona. Wimbo ukiwepo, usimame peke yake: kitendo kisimame, mwimbaji aje mbele, na maneno yapingane na kinachoonekana. Wimbo wa harusi wa furaha, vigelegele na vyote, ukiimbwa kikamilifu wakati baba bado ana mafungu matatu mkononi, unafanya kazi kuliko maombolezo. Kilio cha binti kirudisheni, ila kifupi. Sekunde kumi za mtu anayejizuia zina uzito kuliko dakika mbili za kugaragara. Kama mnacheza usiku, waacheni watazamaji kwenye mwanga waonane nyuso. Mchana chini ya mti tatizo hilo halipo.

Kuna hatari upande wa pili, na huenda ndiyo itakayowapata mara ya tatu: baba kufanywa katuni. Akiwa mlevi, mwenye sauti nene na kitambi cha mto, kila baba aliyekaa pale atamcheka kwa raha, kwa kuwa haoni ndugu yake. Mwaka 1912 mwanazuoni Edward Bullough aliandika kuhusu umbali kati ya mtazamaji na mchezo, akatoa mfano wa mume mwenye wivu anayetazama Othello, mchezo wa Shakespeare kuhusu mume anayemuua mkewe kwa wivu: badala ya kuuona mchezo, anamfikiria mkewe. Umbali wake umepungua mno. Anayecheka katuni, wake umezidi mno. Bullough alisema kinachotakiwa ni umbali upungue kadiri iwezekanavyo bila kutoweka. Kwa hiyo baba awe mtu mzuri. Ampende binti. Awe mtu wa sala. Mtazamaji afike mahali pa kusema "huyu ni kama kaka yangu", ndipo aone mkono kwenye fungu la kumi.

Yule mume mwenye wivu anawahusu kwa namna nyingine pia. Kwenye hadhira yenu anaweza kuwepo binti ambaye posa yake inajadiliwa wiki hii. Kwake huu si mchezo. Msimwite mtu yeyote mbele kwa jina, msiwaombe wasichana watoe ushuhuda hadharani, mualikeni afisa ustawi wa jamii akae mahali panapojulikana, na mwisho itajwe namba 116 ya simu ya mtoto, taratibu, mara mbili.

Majadiliano msiyaanze kwa "Mmejifunza nini?" Swali hilo huomba jibu la kumpendeza mwuliza, na ndilo lililowapa "inasikitisha sana". Ulizeni kitu kilichoonekana: "Baba alimtafuta nani kwenye simu? Kwa nini hakupiga?" "Mwalimu aliona nini nyuma ya pazia?" Kisha, kama mna muda wa dakika arobaini, tumieni njia ya Augusto Boal (1931–2009), Mbrazili aliyeuita mchezo wa aina hii jukwaa la mjadala. Chezeni upya onyesho moja la dakika nane hivi, na mtazamaji yeyote aruhusiwe kusema "simama!" na kuingia badala ya mhusika. Asiingie badala ya baba ili awe mwema ghafla. Boal aliliita hilo uchawi, na hadhira inajua kuugundua ukiwauliza. Aingie badala ya mama, mwalimu au shangazi, huku baba akibaki vilevile na kumpinga kwa nguvu zake zote. Majaribio manne au matano yatosha. Mwongozaji asimpongeze yeyote, awaulize waliokaa, "Hii ingewezekana kwetu?"

Mtaona kwamba sijawaambia mzuie kutuza, na msizuie. Ila meza ya mahari msiiondoe mchezo unapokwisha. Iacheni katikati, kati ya watu na binti, na yale mafungu matatu juu yake. Anayekwenda kutuza apite hapo.